Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Kutisha ya Mnyama Anayeshambulia Watu

Filamu nyingi za mnyama mla watu huharibikia mahali pamoja: mtengenezaji anamgeuza mnyama kuwa shetani. Simba ananguruma kila anapotokea, anaua watu kumi bila kumla hata mmoja, anapigwa risasi na kuinuka tena, na anajua mlango wa nyuma uko wapi. Mtazamaji anashtuka mara mbili tatu, kisha anazoea. Mnyama anayeweza kufanya chochote wakati wowote haachi nafasi ya kumhofia kabla hajatokea, na hofu ya filamu za aina hii yote iko kwenye ile "kabla".

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda njia nyingine. Mjue mnyama kama anavyojulikana na watu wanaoishi naye, mpe sababu, mwekee mipaka, halafu waache wahusika wako wakosee ndani ya mipaka hiyo. Nimemlenga mtu mwenye kikundi kidogo, kamera moja au mbili, na bajeti isiyoweza kulipia simba wa kompyuta kwa dakika tisini.

Hatua ya 1: Chagua mnyama mmoja, msome kabla hujaandika sini hata moja

Usianze na hadithi. Anza na mnyama, kwa sababu kila mnyama ana filamu yake ndani ya tabia zake.

Chukua simba. Ngurumo yake inaweza kusikika umbali wa kilomita nane hivi, lakini ananguruma kutangaza himaya yake na kuwasiliana na wenzake. Anapowinda huwa kimya. Hunyatia mpaka awe karibu sana, mita thelathini au pungufu, ndipo aruke, maana hana pumzi ya mbio ndefu. Sasa fikiria hilo linakupa nini. Wahusika wako wanasikia ngurumo upande wa pili wa bonde na wanatetemeka, kumbe hapo ndipo walipo salama. Baadaye ngurumo inakatika. Wao wanashusha pumzi, lakini mtazamaji aliyeelewa anaanza kukaza vidole. Hapo umepata hofu bila kulipia shoti moja ya simba.

Mamba anakupa filamu tofauti kabisa, filamu ya ratiba. Anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa moja, anaweza kukaa miezi bila kula, na anajifunza. Ukichota maji mahali palepale, saa ileile, siku baada ya siku, yeye ndiye anayekusubiri. Taya zake hufunga kwa nguvu ya kuvunja mifupa, lakini misuli ya kuzifungua ni dhaifu kiasi kwamba wanaomkamata kwa utafiti humfunga mdomo kwa kamba au tepu. Mhusika anayelijua hilo anaweza kung'ang'ania kuubana mdomo uliofungwa. Ukishafunguka, elimu hiyo haimsaidii tena.

Kiboko hana haja ya kukula. Anaua kwa sababu umesimama kati yake na maji, au umeingia na mtumbwi pasipotakiwa. Usiku hutoka kwenda kula majani na alfajiri hurudi, hivyo njia aliyopita ndiyo njia ya hatari. Anapofungua kinywa wazi kabisa mchana, watalii hucheka wakidhani anapiga mwayo, kumbe anaonyesha chonge zinazoweza kufika sentimita 50. Chui ni wa upweke. Anaweza kuishi jirani na watu bila kuonekana, na sauti yake ni ya kukwaruza, mkato kwa mkato, kama msumeno unaopasua mbao. Fisi madoa huishi kwenye kundi linaloongozwa na majike, na kile "kicheko" mara nyingi hutoka anapobanwa au anapogombania chakula. Tembo anayetanua masikio na kupiga kelele mara nyingi anatishia tu. Anayenyamaza, akalaza masikio na kukunja mkonga, huyo anakuja.

Ukishachagua, andika ukurasa mmoja tu wa mnyama wako: anatoka saa ngapi, anakugundua kwa pua, sikio au jicho, anasogea mpaka umbali gani kabla ya kushambulia, nini humfanya aache, na nini hawezi. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Mpelekee ukurasa huo askari wa wanyamapori au mtu aliyekulia karibu na hifadhi akusahihishe. Kisha ubandike ukutani na usiuvunje, hata skripti ikibana.

Hatua ya 2: Mpe sababu

Wanyama wengi wakubwa huwakwepa watu. Mnyama anapoanza kuwashambulia, kuna kitu kimebadilika, na kitu hicho ndicho kiini cha hadithi yako.

Tsavo mwaka 1898 ni mfano wa kusoma kwa makini. Simba wawili madume, wasio na yale manyoya marefu ya shingoni, walivamia kambi za wajenzi wa reli kwenye daraja la mto Tsavo kwa miezi kadhaa, mpaka mhandisi John Henry Patterson alipowaua Desemba ya mwaka huo. Mabaki yao yako kwenye makumbusho ya Field Museum, Chicago. Mmoja wao alikuwa na chonge lililovunjika na ambukizo kubwa kwenye mzizi, maumivu ya kutosha kumfanya mnyama akwepe kung'ang'ana na nyati. Ongeza ugonjwa wa sotoka, uliokuwa umemaliza ng'ombe na nyati wengi Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na kambi iliyojaa watu wanaolala kwenye mahema. Hata idadi ya waliouawa ina funzo: Patterson alifikia kutaja watu 135, lakini watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao mwaka 2009 walikadiria kuwa waliliwa watu kama 35. Watu 35 wanatosha kabisa kutisha. Huhitaji kutia chumvi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wakati wetu, na nashangaa haujawa filamu nyingi. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania, wengi wao kusini mwa nchi. Watafiti waligundua uhusiano na nguruwe mwitu. Nguruwe huingia shambani usiku kula mazao. Mkulima analala shambani kwenye kibanda cha miti na nyasi ili awafukuze. Simba anafuata nguruwe, anamkuta mkulima. Baadaye ikaonekana pia kwamba mashambulizi yaliongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku, watu wakiwa bado nje, huwa giza totoro. Hapo umepewa kila kitu: mahali, sababu ya mtu kuwa pale, sababu ya mnyama kuja, na saa inayohesabu kurudi nyuma angani bila mtu kutamka neno.

Epuka kisasi kama sababu pekee. Simba anayemfuata mtu mmoja kwa chuki kutoka bara hadi pwani ni binadamu aliyevaa ngozi.

Hatua ya 3: Chora ramani, na uionyeshe mchana

Chukua karatasi, chora lokesheni yako yote kutoka juu: kibanda, gari, kisima, mti unaopandika, njia ya kutokea. Andika umbali kwa hatua za mtu mzima. Halafu jiulize swali ambalo mtazamaji atauliza kabla ya dakika ya ishirini: kwa nini wasiondoke?

Simu iliyoisha chaji na gari lililogoma kuwaka ni majibu yaliyochoka. Hayakatazwi, lakini yanaonekana ni ya mwandishi, si ya hadithi. Jibu zuri zaidi ni lile ambalo kuondoka kunawezekana ila kuna gharama. Kuna majeruhi asiyeweza kutembea. Kuna mtoto upande wa pili wa mto. Kuna hatua mia mbili za nyasi ndefu, na mnyama hajulikani alipo. Mhusika anayeweza kwenda lakini hawezi kujilazimisha kwenda anakamata moyo kuliko aliyefungiwa.

Ramani hiyo mtazamaji lazima aione kabla ya shambulio la kwanza, tena kwenye mwanga. Weka sini tulivu, watu wanatembea kutoka kibandani kwenda kisimani wakizungumza mambo yao, na kamera ifuate mwendo mzima bila kukata. Ikifika usiku mtu akakimbia gizani, mtazamaji atajua kabisa amebakiza hatua ngapi.

Hatua ya 4: Watu wachache, kosa la kawaida

Watatu hadi watano wanatosha. Kila mmoja ajue kitu kimoja kuhusu mnyama, na mmoja wao awe amejua vibaya lakini kwa kujiamini. Usiwe na mjinga wa kundi aliyewekwa ili afe kwanza. Mtazamaji humjua mapema na haumii.

Kosa linaloua liwe lile ambalo mtazamaji mwenyewe angelifanya. Kubwa kuliko yote ni kukimbia. Paka wakubwa huchochewa na kitu kinachowakimbia, na kila mwili wa binadamu unataka kukimbia. Sini ya mtu anayerudi nyuma taratibu, uso kwa uso na mnyama, huku mwenzake nyuma yake anaanza kupumua kwa kasi na kugeuza miguu, ina nguvu kuliko mbio zozote.

Hatua ya 5: Panga mashambulizi yapande ngazi

Mashambulizi manne kwa filamu nzima yanatosha. La kwanza tusione mnyama kabisa. La pili tuone sehemu ya mwili. La tatu tuone tendo lake lakini kwa mbali au kwa muda mfupi. La mwisho tu ndilo la uso kwa uso, na hapo mtazamaji awe tayari amejenga kichwani mnyama mkubwa kuliko uliye naye.

Mfano wa jinsi ya kujenga la kwanza, ukiwa na mamba. Binti anashuka mtoni na ndoo. Weka kamera upande wa maji, mahali pamoja, urefu mmoja, lenzi ileile. Anainama, anazamisha ndoo kwa mkono wa kulia, anasubiri ijae, anaondoka. Vyura wanalia, ndege mdogo anaruka ukingoni. Baada ya dakika kumi za filamu, rudia shoti ileile: binti yuleyule, ndoo ileile, ila safari hii povu dogo linapita juu ya maji kulia kwa fremu na kupotea. Hakuna muziki, hakuna kukata. Anaondoka salama. Mara ya tatu fremu ni ileile na hakuna povu. Vyura wamenyamaza. Anazamisha ndoo. Iache shoti iende ndefu kuliko zote mbili zilizotangulia, akae pale mpaka mtazamaji aanze kumwambia kwa sauti aondoke. Mtazamaji amejifunza ratiba yake pamoja na mamba, na ndiyo maana anaumia.

Umeona kwamba sini zote tatu hazina hata jino moja.

Hatua ya 6: Mnyama bila mnyama

Hapa sina mzaha. Usitumie mnyama mwindaji wa kweli karibu na mwigizaji, hata kama mwenyewe anasema amefugwa. Filamu ya Roar ya mwaka 1981 ilipigwa na makumi ya simba na paka wengine wakubwa halisi, na takriban watu 70 wa kikosi wakajeruhiwa. Mpiga picha Jan de Bont alinyofolewa ngozi ya kichwa. Vilevile usimweke mwigizaji kwenye mto wenye mamba au viboko "kwa dakika moja tu", usitupe nyama kuwavuta fisi, usifukuze wanyama kwa droni. Ukihitaji picha za mnyama halisi, nunua haki za picha zilizopo, au omba kibali uzipige mbali kabisa na waigizaji.

Na huzihitaji sana. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ya Jaws ya mwaka 1975 aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi Steven Spielberg amfiche: mapipa ya njano yanayokokotwa juu ya maji, macho ya kamera kutoka chini, na muziki wa noti mbili. Papa mwenyewe huonekana vizuri filamu ikiwa imekwenda mbali. Wewe utamficha kwa makusudi.

Mbinu zilizo ndani ya uwezo wako: nyasi zinazogawanyika kwa kamba nyembamba inayovutwa na mtu aliyelala chini, mgongo au mkia wa bandia unaopita nyuma ya kichaka, kivuli ukutani, nyayo kwenye tope ambazo jana hazikuwepo, mzoga uliopandishwa mtini, na kamera inayotembea kwenye urefu wa bega la simba, mita moja na kidogo kutoka ardhini, taratibu na bila kutikisika. Kamera inayotikisika ni ya mtu mwenye hofu. Mwindaji hatikisiki.

Macho gizani yanastahili maelezo ya peke yake. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kule ulikotoka. Ya mamba hung'aa kwa wekundu. Riflekta za kubandika, zile za malori na majaketi ya usalama, hufanya vivyo hivyo. Kata viduara viwili vidogo, vibandike kwenye kadibodi nyeusi kwa nafasi ya macho ya mnyama wako, iweke umbali wa kutosha kati ya nyasi. Siri ni hii: tochi lazima iwe jirani kabisa na lenzi, la sivyo mwanga hauirudii kamera. Mwigizaji mwenye tochi asimame ubavuni mwa kamera na aipitishe taratibu. Macho yanawaka, tochi inapita. Tochi inarudi. Wakati huo msaidizi awe ameigeuza kadibodi, na hakuna kitu. Au libaki jicho moja, maana yake mnyama amegeuza kichwa kumtazama mtu mwingine.

Kwa usiku, tumia dakika chache baada ya jua kuzama, wakati anga bado ina rangi, kwa shoti pana. Za karibu ndizo upige gizani kwa chanzo kimoja cha mwanga kinachoeleweka, moto au tochi. Ukimulika kila mahali ili tuone, umeua filamu.

Hatua ya 7: Majeraha yanayokua

Damu ya bandia: shira nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, na unga kidogo wa kakao kuondoa ule wekundu wa soda. Damu iliyokaa hugeuka kahawia na kuganda, kwa hiyo andaa mbili, mbichi na ya zamani.

Jeraha la chonge ni matundu yenye kina, si mikwaruzo mizuri ya sambamba shavuni. Kinachoua baadaye ni uchafu ulioingizwa ndani: uvimbe, joto, homa, mtu kuanza kuongea ovyo. Hiyo ni saa nyingine ya bure kwenye hadithi yako. Tengeneza jedwali la majeraha la kila mhusika, sini kwa sini, kwani hutapiga kwa mpangilio, na aliyechechemea mguu wa kushoto lazima aendelee na wa kushoto. Huduma ya kwanza ionyeshwe sawasawa: kitambaa safi, kubonyeza kwa nguvu bila kuachia, bila kufunua kila dakika kuchungulia. Kuna mtu ataikumbuka.

Hatua ya 8: Sauti

Tenga siku nzima ya kurekodi mazingira ya lokesheni bila mwigizaji hata mmoja: jioni, usiku wa manane, alfajiri. Hiyo ndiyo orkesta yako. Panga tabaka za nyenje, vyura, upepo na ndege wa mbali, halafu ujifunze kuondoa moja moja. Wadudu hunyamaza kitu kinapowakaribia, hivyo nyenje wakikatika upande wa kushoto tu, mtazamaji anageuza shingo kushoto. The Birds ya Alfred Hitchcock, mwaka 1963, haina muziki wa kawaida wa filamu. Sauti za ndege zenyewe zimebeba kazi hiyo, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa chombo cha elektroniki.

Mfupa unaovunjika ni bua la muwa au karoti mbichi ndani ya kitambaa chenye maji. Pumzi za mnyama zirekodi kwa mtu mwenye kifua kizito, kisha upunguze kasi. Usitumie ile ngurumo ya simba iliyo kwenye kila maktaba ya sauti, masikio yameshaizoea. Na kumbuka wengi wataitazama filamu yako kwenye simu. Mngurumo mzito wa chini kabisa hautoki kwenye spika ya simu. Hofu yako iweke kwenye sauti za kati: nyasi inayokanyagwa, pumzi, kwato, kitambaa kinachochanika.

Hatua ya 9: Uhariri na jaribio

Kata shambulio kabla halijakamilika, na shikilia ukimya baada yake kuliko unavyoona inafaa. Kushtua kwa ghafla kuwe mara moja au mbili kwa filamu nzima.

Ukipata toleo la kwanza, waite watu wasioijua hadithi, kaa pembeni, usitazame skrini. Watazame wao. Andika dakika ambayo mtu amechukua simu yake. Wakimaliza usiwaulize kama imewatisha, kwa sababu watasema ndiyo kwa adabu. Waulize kisima kiko upande gani wa kibanda, mnyama alikuwa anataka nini, na nani angeweza kupona. Wakishindwa swali la kwanza, rudi ukapige upya sini ya mchana. Wakishindwa la pili, tatizo liko kwenye ule ukurasa wa ukutani. La tatu wakianza kubishana wao kwa wao, toleo hilo lipeleke kwa mtu wa kurekebisha rangi na sauti.